Paa na Pumzi ya Nyumba: Kutoka Msonge hadi Bati katika Nchi ya Mpanda

Utangulizi

Watu wanapotaja utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra zao hukimbilia ngoma, mavazi, vinyago na methali. Ni wachache wanaoikumbuka nyumba. Na hata hao wachache, wakiitazama nyumba, huangalia kuta na mlango, wala hawainui macho kulitazama paa. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nyumba njema si mlango. Katika insha hii tunakusudia kuinua macho. Tutaeleza habari za sehemu moja ndogo ya nyumba, yaani mgongo wa paa, mahali ambapo mteremko wa upande mmoja hukutana na mteremko wa upande wa pili. Na tutauliza swali moja: je, mahali hapo pazibwe kabisa, au paachwe mwanya ili joto na moshi vipate njia ya kutokea?

Swali hili laweza kuonekana dogo machoni pa mtu aliyezoea kukaa mahali penye ubaridi. Lakini mwanafunzi anayefanya hesabu saa nane mchana chini ya bati tupu katika mwezi wa Oktoba, na mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na tundu, wanajua kwamba si dogo hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa maradhi yatokanayo na moshi wa majumbani. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mwanya wa mgongoni tunazungumza juu ya uhai wa watu.

Tumechagua Makanyagio, kata iliyomo katika mji wa Mpanda, Mkoa wa Katavi, iwe kituo cha mazungumzo yetu. Sababu ni kwamba Mpanda ni mji uliokua upesi mbele ya macho ya watu walio hai, na historia ya paa katika nchi yetu yote yaweza kusomwa humo kama katika kitabu kifupi. Mji huo uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, na kabla ya mvua hizo kunyesha huja jua kali la Septemba na Oktoba. Paa la Mpanda basi lina kazi mbili zinazovutana: kuzuia mvua nyingi isiingie, na kuruhusu joto jingi litoke.

Paa la nyasi na moshi wake

Wenyeji wa nchi hiyo, Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, ni watu wa misitu ya miyombo. Msitu uliwapa asali, nta, dawa, na pia nyumba. Nguzo zilitoka msituni. Fito zilitoka msituni. Kamba zilikuwa magome ya miti yaliyobanduliwa yangali mabichi. Na nyasi zilikatwa mbugani baada ya mvua kwisha. Nyumba ya msonge ilijengwa kwa nguzo zilizopangwa duara, na juu yake fito ndefu zilizokutanishwa kileleni. Mwezekaji alianza chini na kupanda juu, kila tabaka la nyasi likifunika kichwa cha tabaka lililo chini yake, mpaka akafika kileleni, akafunga shungi.

Katikati ya nyumba palikuwa na mafiga matatu na moto. Mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza huenda alidhani kwamba nyumba ile haina pa kupumulia, kwa sababu haikuwa na dirisha. Lakini tukichunguza tutaona kwamba paa lote lilikuwa pafu. Hewa iliingia mlangoni na katika mianya iliyo kati ya ukuta na upenu. Ikapata moto, ikawa nyepesi, ikapanda pamoja na moshi. Na moshi ukapenya polepole katikati ya nyasi, hasa karibu na kilele, ambako joto hukusanyika. Asubuhi ya baridi, aliye mbali aliweza kuona paa zima likifuka kana kwamba nyumba inavuta pumzi.

Moshi huo haukupita bure. Ulizipaka fito masizi yaliyowafukuza bungua na mchwa. Ulikausha mbegu na nafaka zilizowekwa kwenye uchaga juu ya moto, fukusi wasiziharibu. Nazo nyasi, kwa kuwa zina hewa nyingi ndani yake, hazikupitisha joto la jua la mchana, wala hazikuruhusu joto la moto kukimbia upesi usiku.

Hatusemi haya ili kuitukuza nyumba ya zamani kupita kiasi. Moshi uliohifadhi mbegu uliumiza macho na vifua vya kina mama. Cheche moja iliweza kuteketeza kijiji. Nyasi zilioza na kutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kazi ya kuzikata na kuzibeba haikuwa nyepesi. Tunalosema ni hili tu: yule mjenzi wa kale alijua kwamba joto hupanda juu, naye aliliachia njia kileleni.

Hata hivyo hiyo haikuwa njia ya pekee. Upande wa mashariki, kwa Wanyamwezi na kwa Wagogo, ilienea nyumba ya tembe, yenye paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo mzito. Katika nyumba ya namna hiyo, pale Kwihara karibu na Tabora, ndimo walimokaa Livingstone na Stanley katika mwaka 1872. Tembe halina mgongo, kwa hiyo halina mwanya wa mgongoni. Lenyewe huushinda mchana kwa unene wake: jua huupasha udongo moto kutwa, na kabla joto halijafika chini usiku umekwisha kuingia. Basi wazee wetu walikuwa na hekima mbili. Msonge ulilitoa joto, tembe lililizuia. Nyumba isiyolitoa joto wala kulizuia ilikuwa bado haijafika.

Reli, mgodi na bati

Bati la migongo lilibuniwa London na mhandisi Henry Robinson Palmer, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1829. Mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa alipata hati ya njia ya kuchovya chuma katika zinki ili kisishike kutu. Vitu hivyo viwili vilipounganishwa, dunia ikapata paa jepesi linaloweza kubebwa katika meli, katika garimoshi na hata kichwani.

Katika nchi yetu bati liliifuata reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpanda ilikuwa kando ya njia hiyo, na kwa muda mrefu ilibaki nchi ya miyombo na nyuki. Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilipojenga reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, mwendo wa kilomita zipatazo 210, kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa kampuni ya Uruwira. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1950. Mgodi haukudumu, ulifungwa mwaka 1960. Lakini reli ilibaki, na mji ukabaki. Behewa lililotoka na nta, asali, mbao za mninga, mahindi na tumbaku liliweza kurudi na saruji, misumari na mabati.

Haifai tulilaumu bati bila haki. Bati halishiki moto. Likitunzwa hudumu miaka mingi. Maji yake ya mvua ni safi kuliko yale yanayochuruzika kwenye nyasi. Na mwenye nyumba ya bati huokoa siku nyingi alizokuwa akizitumia kukata nyasi. Ndiyo maana mwananchi aliyepata fedha kidogo alinunua bati kwanza, hata kabla ya kununua kitanda.

Lakini bati lina tabia zake. Halina unene wa tembe, wala halina hewa iliyomo katika nyasi. Jua likilipiga, hasa bati lililochakaa na kuwa jekundu kwa kutu, joto lake huweza kupita nyuzi 60, na joto hilo hushuka kwa walio chini kama mtu aliyeota moto kwa utosi. Usiku likapoa upesi, na alfajiri mvuke wa pumzi za waliolala ukagandamana chini yake na kudondoka kama matone ya umande. Zaidi ya hayo, pale kileleni mafundi huweka bati lililokunjwa liitwalo kofia. Kofia hulala juu ya migongo ya mabati, na vijitundu vidogo vinavyosalia kwenye mabonde huzibwa kwa udongo au saruji ili mvua, panya na popo wasiingie. Hivyo lile koo la nyumba lililokuwa wazi tangu enzi za msonge likafungwa.

Je, walioleta bati hawakujua dawa ya joto lake? Walijua. Nyumba za maofisa wa kikoloni aghalabu zilikuwa na baraza pana, dari, na matundu yenye mbao za mshazari katika ncha za paa. Hali kadhalika mabanda ya garimoshi za mvuke, huko Ulaya na huku kwetu, yalijengwa kwa mwanya mgongoni ili moshi wa mashine upate kutoka. Lakini katika safu za vyumba vya vibarua, bati lilipigiliwa juu ya kuta bila dari na bila mwanya. Tukilitafakari jambo hilo tutaona ukweli mchungu: mashine ilitengewa mahali pa kutolea moshi, na mtu aliyeipakia makaa hakutengewa. Bati lilitufikia, lakini elimu ya kulipooza haikuletwa pamoja nalo.

Nyumba bora na hoja ya mwaka 1977

Baada ya Uhuru suala la nyumba lilikuwa suala la taifa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na Benki ya Nyumba ilianza kazi mwaka 1973. Mwaka huo huo wa 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kwa mamia ya maelfu katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili namna ya kujikinga na maradhi. Kati ya mwaka 1973 na 1976 wananchi wengi walihamia katika vijiji, na wito wa kujenga nyumba bora ukasikika kila mahali. Katika wilaya ya Mpanda yenyewe yalianzishwa makazi makubwa ya ndugu waliokimbia Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972: kwanza Katumba, kisha Mishamo mwaka 1978. Huko nako watu walianza na nyasi.

Nyumba bora ilikuwa ipi? Wengi walijibu kwa neno moja: bati. Hapo ndipo Mwalimu Nyerere, katika tathmini yake ya mwaka 1977 ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alipowakemea wananchi na viongozi kwa kuung'ang'ania mfuko wa saruji na bati kana kwamba pasipo hivyo hapana nyumba. Aliwakumbusha kwamba udongo wetu hutoa matofali ya kuchoma na vigae, na kwamba kigae ni paa bora kuliko bati. Hoja yake ilikuwa ya uchumi, maana saruji na bati vilitegemea fedha za kigeni. Lakini ndani yake ilikuwamo hoja ya utamaduni: kwamba mtu aliyesahau kufikiri kwa vitu alivyo navyo amepoteza zaidi ya fedha.

Historia ilikwenda njia mbili. Kwa upande wa kuta, ushauri ule ulishika: matofali ya kuchoma yameenea sana katika mikoa ya magharibi. Kwa upande wa paa, bati lilishinda. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 lilikuwa adimu kama bidhaa nyingine. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka hiyo, likajaa madukani, na vigae havikuweza kushindana nalo. Kisha mwaka 2012 ulianzishwa Mkoa wa Katavi, Mpanda ikawa makao yake makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 katika mkoa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Kwa maneno mengine, katika miaka kumi idadi ya watu iliongezeka zaidi ya maradufu. Watu hao wote walihitaji mahali pa kulala, na katika kata za mji kama Makanyagio paa la bati ndilo paa la kawaida. Kwa hiyo swali la leo si kuchagua kati ya nyasi na bati. Historia imekwisha kuchagua. Swali ni jinsi ya kulirudishia bati ile pumzi ambayo nyasi zilikuwa nayo.

Fundisho la bani la tumbaku

Hapana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Mkulima wa tumbaku wa Mpanda analo shambani mwake.

Tumbaku ya mvuke ilienea magharibi mwa nchi kuanzia Urambo, baada ya ule mpango wa karanga wa Waingereza kushindwa na kuachwa mwaka 1951. Majani yake hukaushwa katika nyumba ndogo ndefu kwenda juu iitwayo bani. Bani zuri lina matundu chini na matundu juu, yenye vifuniko. Siku za kwanza mkulima huyafunga, akaweka joto la nyuzi 32 hadi 38, ili majani yageuke rangi na kuwa manjano yakiwa bado na unyevu. Rangi ikipatikana, huyafungua yote, ya chini na ya juu; hewa kavu huingia chini, hupata moto, huchukua maji ya majani na kutoka nayo juu. Mwishowe huyafunga tena na kupandisha joto hadi nyuzi 70 hivi ili vikonyo vikauke. Mkulima anayekosea kufungua matundu ya juu kwa wakati wake hupata majani yaliyoungua au kuoza, na jasho lake la msimu mzima hupotea.

Tazama basi jambo la ajabu. Mtu huyu ana elimu kamili ya mwendo wa hewa. Anajua kwamba tundu la juu bila tundu la chini halifanyi kazi, na kwamba la chini bila la juu halifanyi kazi. Lakini jioni hurudi kulala katika nyumba iliyozibwa mgongo. Elimu anayoitumia kwa jani la biashara hajaitumia kwa watoto wake. Si kosa la akili. Ni kosa la mazoea, maana elimu ya bani ilifundishwa na mnunuzi aliyeitaka tumbaku, na hakuna aliyekuja kufundisha elimu ya paa.

Namna ya kuufungua mgongo wa paa

Nyumba iliyokwisha kuezekwa yaweza kutiwa mwanya bila kubomolewa. Kazi hiyo hufaa ifanywe kati ya Mei na Agosti, mvua zikiwa zimekoma, na ianze asubuhi kabla bati halijashika moto. Paa la migongo miwili ndilo lifaalo zaidi, kwa sababu mgongo wake ni mrefu.

Kwanza ni kupima. Huko Marekani, tangu mwaka 1942, wajenzi wamefuata kanuni kwamba eneo la matundu yote lisipungue sehemu moja ya 300 ya eneo la dari, nusu yake ikiwa juu na nusu chini. Tuchukue nyumba ya mita 8 kwa 10. Eneo lake ni mita za mraba 80. Ukigawa kwa 300 utapata karibu 0.27, nusu yake ni 0.13 hivi. Mgongo una mita 10, lakini sentimita 30 za kila mwisho huachwa zimezibwa ili mvua ya pembeni isiingie, zikabaki mita 9.4. Ukigawa 0.133 kwa 9.4 utaona kwamba mwanya wahitaji upana wa sentimita 1.4. Lakini wavu wa mbu huziba karibu nusu ya njia, basi ziwe sentimita 3. Tukumbuke kwamba kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya kutoa unyevu katika nchi ya baridi. Kwetu, ambako adui ni joto, hicho ni kiasi cha chini kabisa. Tukizidisha hatupotezi kitu.

Pili, fundi hukagua kenchi na papi kama zimeliwa na mchwa, kisha hung'oa kofia kipande kwa kipande, akiweka ubao chini ya nyundo ili asibonyeze bati. Kofia ikitoka, atazame kama mabati ya pande mbili yamegusana. Yakiwa yamegusana, ayapunguze kwa mkasi wa bati mpaka kila upande uwe mbali na kilele kwa sentimita 3 hivi. Asikate mbao ya kenchi hata moja. Kisha azikunje juu kidogo ncha za mabonde ya bati, ili maji yanayosukumwa na upepo yagonge ukingo huo na kurudi.

Tatu, juu ya papi za mwisho vipigiliwe vipande vya mbao vya inchi mbili kwa mbili, vilivyopakwa dawa ya mchwa, kila baada ya sentimita 60. Vipande hivyo ndivyo vitakavyoiinua kofia. Kati ya bati na kofia utandwe wavu wa chuma wenye matundu madogo. Kofia ya zamani aghalabu huwa nyembamba mno. Fundi bati akunje nyingine pana, yenye mbawa za sentimita 25 kila upande na kingo zilizoelekezwa chini. Ipigiliwe kwa misumari mirefu yenye ringi za mpira, juu ya migongo ya bati na siyo mabondeni, kisha ifungwe kwa waya kwenye kenchi. Upepo upitao juu ya mgongo hufyonza hewa iliyo ndani, na hiyo ni faida. Lakini hufyonza na kofia yenyewe, na wananchi wa mikoa yetu wanajua dhoruba za mwanzo wa mvua zinavyoezua mapaa.

Nne, na hili ndilo husahauliwa, yafunguliwe matundu chini ya upenu, yenye eneo lisilopungua lile la mgongoni. Chupa iliyopinduliwa hutoa maji kwa kukwama kwa sababu ina mdomo mmoja. Nyumba nayo ni vivyo hivyo. Kama nyumba ina dari, mwanya wa mgongoni utatoa joto lililo juu ya dari, na dari itapoa. Lakini hewa ya chumbani haitatoka mpaka dari yenyewe iwe na matundu. Kama haina dari, hewa ya chumbani itapanda moja kwa moja, lakini bati litaendelea kutupa joto lake chini. Mwanya haumalizi kazi ya kivuli na dari; huisaidia.

Tunatoa onyo moja. Majengo kadhaa ya zamani yaliezekwa kwa mabamba ya asbesto. Mabamba hayo yasikatwe wala kutobolewa, kwa sababu vumbi lake huleta maradhi ya mapafu yasiyopona.

Pingamizi la mbu

Wapo watakaosema: mmetuambia tuzibe nyumba ili mbu wasiingie, na sasa mnatuambia tuifungue. Pingamizi hili ni la haki. Wataalamu wamethibitisha kwamba mbu wa malaria huingia sana kwa njia ya upenu, kwa kuwa hewa yenye harufu ya waliolala hutokea hapo. Kwa sababu hiyo Taasisi ya Afya ya Ifakara imefanya majaribio mengi ya kuukinga upenu, yakiwamo ya kutundika tepe za gunia zilizotiwa dawa. Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, zilijengwa katikati ya miaka ya 2010 nyumba za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa na kuzuia wadudu, na zilionekana kuwa na ubaridi zaidi na mbu wachache kuliko nyumba za kawaida za hapo.

Fundisho ni kwamba kuziba na kukinga si neno moja. Kuziba huzuia mbu na hewa pamoja; wavu humzuia mbu ukaipisha hewa. Isitoshe, mtu anayelala katika chumba chenye joto kali huvua chandarua usiku kwa sababu hakivumiliki. Nyumba inayopumua humsaidia mtu kukaa ndani ya chandarua mpaka asubuhi. Mwanya usio na wavu ni makosa. Wavu usiosafishwa vumbi na utando kila mwaka ni makosa pia, maana utakuwa umeziba upya kile kilichofunguliwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya paa katika nchi ya Mpanda ni historia ya kupata na kupoteza. Tulipata kinga ya moto, maji safi na nafuu ya kazi. Tukapoteza pumzi iliyokuwa kileleni. Hasara hiyo haikuletwa na maendeleo yenyewe. Ililetwa na kupokea kitu pasipo kupokea elimu yake, na kudhani kwamba nyumba ya wazee haikuwa na la kutufundisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini hawakusema kwamba kila mwanya ni ufa.

Walimu wanaweza kuyafanya mambo haya kuwa masomo. Mwalimu wa fizikia na apime joto sakafuni na chini ya bati saa nane mchana, wanafunzi waandike tofauti zake kwa mwezi mzima. Mwalimu wa hesabu na awape kazi ya kukokotoa mwanya wa bwalo lao. Mwalimu wa historia na awatume kwa wazee wanaokumbuka ezeko la nyasi, wawaulize majina ya fito, ya kamba na ya mafundo, kabla wenye majina hayo hawajaondoka nayo. Na mwanafunzi atakayekuwa fundi, mwalimu au diwani, akumbuke kwamba jiko la mama yake ndilo jengo la kwanza linalostahili mwanya huo. Ni la bei ndogo, paa lake ni fupi, na ndilo lenye moshi mwingi kuliko yote.